Kujitengenezea vichujio vya picha

SWALI: Napiga picha za Mlima Hanang na mashamba ya ngano. Nimechoshwa na vichujio vya simu, maana kila mtu anavyo. Naweza kutengeneza vyangu bila kusomea kompyuta?
Msomaji, Katesh

JIBU: Unaweza, na hesabu yake ni kuzidisha na kujumlisha tu. Pakua GIMP, programu ya bure; ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Fungua Filters, kisha Generic, kisha Convolution Matrix. Utaona visanduku vya namba. Tumia tisa vya katikati, vingine weka 0, na uondoe alama kwenye Normalize.

Kila pikseli huzidishwa pamoja na jirani zake kwa namba hizo, kisha majibu hujumlishwa. Weka 5 katikati, -1 juu, chini, kushoto na kulia, na 0 kwenye pembe nne: picha itakuwa kali zaidi. Kwa kuwa jumla ni 1, mwanga haubadiliki. Weka 1 katika vyote tisa na ugawe kwa 9: italainika. Weka 8 katikati na -1 kote kuizunguka: zitabaki kingo tu, kama mchoro.

Ukitaka pia kuongeza mikwaruzo na mipasuko kwenye picha yako, usinunue picha za kuwekea juu yake. Kiangazi, maji ya Ziwa Balangida yakipungua, piga picha ya ukingo wenye chumvi ukielekeza kamera chini, siku ya mawingu ili vivuli visikusumbue. Iweke kama tabaka juu ya picha yako, chagua Overlay, punguza nguvu ya tabaka hilo hadi asilimia 30.

Ukirudi kwenye visanduku, badilisha namba moja kila mara, na uandike matokeo daftarini. Hivyo utaelewa kila namba inafanya nini.