Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 19: Mama yuko kwenye mionzi, na kumi la mwisho linabisha hodi

Ndugu zangu wa Msasani na wote mnaotusoma.

Kesho Magharibi, inshallah, tunaingia kumi la mwisho. Wengine mmeshafunga mikoba ya itikafu. Leo nazungumza na wewe ambaye mkoba wako una vitu vingine: kadi ya hospitali, kanga mbili, chupa ya maji, pedi na karatasi ya rufaa. Wewe unayempeleka mama Ocean Road.

Wengi hapa tunaifahamu njia. Unavuka Daraja la Tanzanite, bahari iko kushoto, na baada ya muda mfupi umefika kwenye majengo yale yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1996 ni Taasisi ya Saratani. Ukifika mapema utakuta foleni ya watu kutoka kila mkoa. Wewe jioni utarudi nyumbani kufuturu, lakini kuna mwenzio katoka mbali na hajui atalala wapi. Ukimwona, mkumbuke kwa tende na uji.

Nianze na hili la itikafu maana ndilo linalowasumbua vijana. Mnakumbuka kisa cha Juraiji, kilichomo katika Bukhari na Muslim? Mcha Mungu, yumo katika swala ndani ya hekalu lake, mama yake anamwita. Akasita: mama au swala? Akachagua swala. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu, mpaka mama akaudhika na kumwombea mtihani, na mtihani ukamfika. Alikuwa kwenye ibada, jamani, si kijiweni! Basi na wewe usiumie moyo kwamba wenzako wako msikitini usiku wa 21 nawe uko pembeni ya kitanda. Itikafu ni sunna. Kumhudumia mama asiye na mwingine wa kumwinua ni wajibu wako.

Sasa hili ambalo tunaliona aibu kulisema, na leo nitalisema. Saratani inayowapata zaidi akina mama wa nchi yetu ni ya mlango wa kizazi, na dalili yake kubwa ni damu. Mama wa miaka 60, hedhi ilishakatika zamani, anaona damu. Anafanya nini? Ananyamaza. Halafu anaacha kuswali, kwa sababu anadhani hana twahara. Anakaa miezi, hospitali haendi, na mswala umekunjwa. Watoto wanadhani ni uzee tu.

Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) na swali hilihili: damu yangu haikatiki, je, niache swala? Hakuona haya, na kwa kutoona haya kwake umma wote umepata elimu. Mtume akamfahamisha kwamba ile ni damu ya mshipa, si hedhi. Kwa hiyo damu ya ugonjwa haimwondolei mama swala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, wakati wa swala ukishaingia anajisafisha, anaweka pedi, anatia udhu, anaswali bila kuchelewa. Udhu mmoja kwa faradhi moja, na sunna atakazo. Damu ikitoka katikati ya swala, swala yake ni sahihi. Mwambie mama hivyo leo. Kama wewe ni mwanaume na unaona uzito, mtume dada yako au mkeo, lakini ujumbe ufike. Na damu hiyo baada ya hedhi kukatika haisubiri Idd. Mpelekeni apimwe.

Tuje kwenye saumu. Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mara nyingi wagonjwa wa nyonga huambiwa wanywe maji kibofu kijae kabla ya kulala kwenye mashine. Wengi huongezewa dripu ya dawa, na tumbo huvurugika. Sasa mama anataka kufunga kwa siri, eti asimuudhi Mola wake. Mkumbushe taratibu kwamba Mola huyohuyo, katika Suratul Baqara, amempa mgonjwa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni zawadi, aipokee.

Hapo pana jambo dogo la adabu. Maradhi yanayotarajiwa kupona yana kulipa siku baadaye. Fidya, kibaba kwa kila siku, ni ya yule ambaye madaktari wameshasema hatarajiwi kupona wala kuweza kufunga tena. Usikimbilie kununua mchele wa fidya mbele ya mama, maana utakuwa umemsomea hukumu ambayo daktari hajaitoa. Saratani hii ikiwahiwa hutibika.

Siku ya mionzi ya ndani ndiyo nzito. Huwekwa kifaa ndani ya mlango wa kizazi, na mama hulala chali, hajisogezi, mpaka kazi iishe. Wakati wa swala ukimkuta hapo, ataswali alivyo, kwa kuashiria kichwa, na akishindwa hata hilo, kwa macho, kama Imran bin Husain (r.a.) alivyofundishwa na Mtume kwamba asiyeweza kusimama akae, na asiyeweza kukaa alale. Wewe mweleze kabla hajaingia, kwa sababu ndani hamtakuwa pamoja.

Akirudi nyumbani, ndugu na majirani watamwekea mbali wajukuu, wanaogopa mionzi. Wakatazeni. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, na ile ya ndani chanzo chake huondolewa kabla hajatoka. Mama akumbatiwe. Zile alama za wino walizomchora tumboni zisisuguliwe. Akioga josho maji yapite juu yake, wino mtupu hauzuii maji.

Na usimfiche ugonjwa wake. Najua familia nyingi hukubaliana kwamba mama asiambiwe, na nia ni nzuri. Lakini mama ana madeni anayoyajua yeye, ana wasia, ana mtu anayetaka kumwomba radhi. Mumfichie ili iwe nini? Mwambieni kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa mkononi mwako. Atalia. Kaa naye alie. Ukichoka na maswali yake ya kujirudia, ikumbuke ile aya ya Suratul Israa iliyokataza hata kuguna mbele yao.

Akina mama wenye swali la twahara waende kwa ustadha wetu kabla ya darsa la wanawake, faragha, hakuna atakayeuliza jina. Wanaume tuonane baada ya Alasiri. Na yeyote mwenye gari anayeweza kujitolea safari moja ya asubuhi ya kumpeleka mgonjwa na kumrudisha, ajibu ujumbe huu aandike siku anayoweza.