Meli Iliyozama Hutafutwa Kwanza Dikoni

Mtu akitaka kupiga mbizi kwenye meli iliyozama, jambo la kwanza analoliwaza ni mtungi wa hewa. Mimi humwambia aende kwanza dikoni. Wavuvi ndio wanaojua mahali nyavu zinaponasa pasipo na mwamba, na mahali chewa wakubwa hawakosekani. Wengi wao hupashika kwa macho tu: mnara wa msikiti ukae sawa na mnazi fulani upande huu, nyumba ikae sawa na kilima upande ule, na mistari miwili ikikutana, ndipo hapo. Mwamkie nahodha, keti, zungumza naye. Unamuuliza riziki yake ilipo, basi akikwambia usipatangaze, usipatangaze.

Ukishapata fununu, ilinganishe na ramani ya mabaharia. Ramani hizo huweka alama ya meli zilizozama, na mara nyingi kina chake. Kisha toka na chombo chenye kipima kina, mpite polepole mkienda na kurudi. Sakafu ya mchanga ikiinuka ghafla kwa mita kadhaa, tupeni chilezo chenye kamba na nanga. Kamba hiyo ndiyo njia yenu ya kushukia na kupandia.

Siku ichague kwa mwezi. Bamvua huja na mkondo wenye nguvu na maji machafu. Subiri maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na uzame maji yanapotulia kabla ya kugeuka. Kusi ikivuma, acha. Novemba, wakati wa matlai, bahari huwa shwari na macho hufika mbali.

Anza na meli ya maji mafupi. Karibu na mji wa Unguja kuna Great Northern, meli ya Waingereza iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu baharini na ikazama 1902. Imelala kwenye kina cha takriban mita 12, na mwanafunzi anaimudu. MV Dania ya Mombasa, iliyozamishwa makusudi 2002 mbele ya Bamburi iwe maskani ya samaki, imefika takriban mita 30. Huko usiende bila mafunzo ya kina kirefu na mwenzako aliyekwisha kuizoea.

Hewa igawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la dharura lisiloguswa. Ukianza na baa 200, geji ikisoma takriban 133 geuka. Chukua kisu, kwa kuwa nyavu za zamani hubaki zimening'inia kwenye vyuma na hazionekani mpaka zimekushika. Ndani ya meli usiingie kama hukufundishwa. Pezi likipiga tope mara moja tu, mlango ulioingilia hauonekani tena.

Na usiokote kitu. Santo António de Tanná, manowari ya Kireno, ilizama 1697 mbele ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, wakati Waomani wameizingira ngome hiyo. Wataalamu waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vyombo vyake mtoto wa Mombasa anaweza kuvitazama leo kwenye makumbusho ya ngome hiyo. Ukikuta mtungi au mzinga wa kale, upige picha ulipolala, andika kina na alama za nchi kavu, kisha upeleke habari makumbusho.