SOMO LA UFUGAJI: NI MAFUTA GANI YANAYOMFAA SUNGURA?



Vikundi vya wafugaji wa sungura vya Pangani (Pangani ya Kibaha, siyo ile ya Tanga) na vile vya Kisarawe vimekuwa vikituuliza swali moja: je, fedha za mradi zinunue mafuta ya kuchanganya kwenye chakula ili sungura wanenepe upesi? Swali lina msingi, kwani gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Lakini tumbo la sungura lina masharti yake.

Mengi yanayojulikana kuhusu mafuta na wanyama wa manyoya yalichunguzwa katika nchi za Nordiki, zile zile zilizoanzisha mwaka 1963 mradi ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Huko walifugwa kwa wingi minki, wanyama wadogo wala nyama. Minki humeng'enya karibu mafuta yote ya samaki, lakini sehemu kubwa zaidi ya mafuta magumu ya ng'ombe hutoka na kinyesi. Sungura ni mla majani, ila katika hili hawatofautiani sana.

Sababu ni hii. Mafuta humeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, kwa msaada wa nyongo na maji ya kongosho. Mafuta ya alizeti ni kimiminika, huchanganyika na nyongo kwa urahisi. Shahamu ya ng'ombe huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40, wakati mwili wa sungura una kama nyuzi 39. Tena sehemu yake huungana na chokaa ya chakula, ikawa kama sabuni, ikatupwa nje pamoja na chokaa hiyo ambayo jike anayenyonyesha anaihitaji.

Na nazi, ambayo huku Pwani haikosekani? Mafuta yake nayo huganda wakati wa baridi, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 25 hivi, na chembe zake ni fupi, hivyo humeng'enywa vizuri. Chicha ya nazi inafaa kwa kiasi kidogo, ilishwe siku hiyo hiyo. Ikichacha, mafuta yake huharibu vitamini E, na sungura hulegea misuli. Mashudu ya alizeti ya mashine ndogo hubakiza mafuta mengi kuliko ya viwanda vikubwa, nayo yasihifadhiwe muda mrefu.

Kiasi sasa. Chakula cha kawaida cha sungura kina mafuta asilimia 2 hadi 4. Kilo 10 zenye asilimia 3 zina gramu 300 tu. Ukimimina nusu lita ya mafuta ya kupikia, unavuka asilimia 7. Chakula kinashikana, sungura anashiba mapema na kula majani makavu kidogo. Nyuzinyuzi zikipungua, kuhara huanza, na vifaranga wakishaanza kuhara wengi hufa.

Kwa hiyo katika bajeti za vikundi tunashauri fungu la mafuta liondolewe, fedha hiyo inunue majani makavu na mashudu mapya. Wenye chicha nyumbani waanze na kijiko kimoja kwa sungura mkubwa, na wakague kinyesi kila asubuhi kwa wiki moja kabla ya kuongeza.