Maji ya Silanga Yakigeuka Kijani

Ndugu wa vikundi vya Hadado, mvua ikiisha na silanga ikikaa juani, maji hugeuka kijani. Wengine husema ni vumbi tu. Hapana, ni mwani. Chakula chake ni samadi, na ngamia na mbuzi wakiingia mpaka ndani kunywa wanaulisha kila siku.

Mwani mwingine hufanya utando kama rangi iliyomwagika, tena unanuka. Huo waweza kuwa na sumu ya kuua mbuzi. Kina mama, sikieni: kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini sumu hii haiondoki. Maji hayo msinywe, wala mifugo isinywe. Msimwage dawa pia, maana mwani ukifa ghafla humwaga sumu yote majini.

Tilapia je? Hula mwani kweli, lakini mavi yake yanabaki mle mle.

Kazi ni ua wa miiba kuzunguka silanga, na hori la kunyweshea liwe nje, upande wa chini. Berkad iezekwe.

Swali la kikundi: wakati wa kiangazi, wageni wakija na ngamia wenye kiu, nani atasimama langoni?