Sarafu Isiyotaja Mwaka

Pale Kobero, upande wa Muyinga, ambapo Burundi inapakana na Tanzania, faranga na shilingi hubadilishwa kutwa nzima na hakuna anayeuliza sarafu hii ni ya nani. Nchi, thamani na mwaka vimeandikwa. Sasa chukulia umepata kisarafu cheusi kilicholika, maandishi yamefutika nusu. Utaanzia wapi?

Tuanze na swali la msingi: sarafu ni nini? Ni kipande cha madini, kilichogongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kikaandikwa jina la mwenye mamlaka, kisha kikapotea mahali fulani. Humo mna mambo manne ya kuchunguza: madini, muhuri, maandishi na mahali.

Tuanze na madini, kwa sarafu inayoihusu Burundi yenyewe: heller 20 ya mwaka 1916. Urundi ilikuwa bado sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekata njia ya bahari, kwa hiyo sarafu zikagongwa Tabora. Zina taji, mwaka, herufi DOA (kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani), na T ya Tabora. Zipo za shaba nyekundu, zipo na za shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Zikichakaa, zote huwa rangi ya udongo, na jicho hudanganyika.

Mizani haidanganyiki kirahisi. Pima sarafu ikiwa kavu, kisha ifunge uzi na uipime ikiwa imezama majini. Gramu zinazopungua ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa takriban gramu 1. Gawanya uzito mkavu kwa upungufu huo, utapata densiti. Kipande cha gramu 10.00 kikipungua 1.12, jibu ni 8.93: karibu kabisa na shaba nyekundu, ambayo densiti yake ni 8.96. Kikipungua 1.18, jibu ni 8.47, nayo ni ya shaba njano.

Lakini ujue kikomo cha kipimo chako. Sarafu ya gramu 2.00 ikipungua 0.22, jibu ni 9.09; ikipungua 0.23, ni 8.70. Kosa la sehemu moja ya mia ya gramu limekuhamisha kutoka shaba nyekundu kuelekea shaba njano. Kwa sarafu ndogo, densiti hutenga dhahabu na shaba bila shida, ila haitengi shaba nyekundu na shaba njano.

Pili, muhuri. Muhuri mmoja hugonga sarafu nyingi, na kila kasoro yake huonekana kwenye zote. Ndiyo maana wakusanyaji hutenga heller 20 za Tabora kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L mbili katika neno HELLER: zilizochongoka au zilizojikunja. Muhuri ukipata ufa, sarafu zisizo na ufa ziligongwa kabla, zenye ufa baadaye. Hapo tumepata mfuatano wa wakati bila kusoma tarehe yoyote.

Tatu, maandishi. Hapa sarafu za kale za masultani wa Kilwa, katika pwani ya Tanzania, ndizo mtihani mkubwa. Zimeandikwa kwa Kiarabu, lakini hazitaji mwaka wala mji. Zina jina la mtawala upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyochaguliwa ili yawe na vina na jina hilo. Kwa hiyo upande wa jina ukifutika, kina cha upande wa pili hupunguza majina yanayowezekana. Hata jina likisomeka, kazi haijaisha, kwani majina kama al-Hasan na Sulaiman yalirudiwa katika nasaba hiyo.

Ndipo tunafika kwenye la nne, mahali. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, lilipatikana lundo la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, akiwamo Ali bin al-Hasan. Hazikuwa na miaka, ila zilizikwa pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, watawala wa Misri, zenye miaka. Kanuni ni hii: lundo haliwezi kuzikwa kabla ya sarafu yake mpya kuliko zote kugongwa, na mara nyingi huzikwa si muda mrefu baadaye. Dinari hizo zikausogeza utawala wa Ali kwenye karne ya 11, ilhali wapo waliokuwa wamemweka karibu na mwaka 1200. Hata hivyo, palipookotwa si lazima pawe palipogongwa: sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, mbali na pwani.

Kwa hiyo, ukipata sarafu ya kale usiisugue kwa ndimu wala mchanga, utaufuta ushahidi. Ipime, ipige picha pande zote mbili, uandike ilipookotwa na vilivyokuwa karibu nayo. Na kama imetoka Tanzania, kumbuka kwamba sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Usivuke nayo Kobero bila kibali.