Nondo Anapotoka Kifukoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya kila aliyeweka vifukofuko vya nondo nyumbani, darasani au bandani: mfugaji wa hariri, mwalimu wa sayansi, hata mtoto aliyeokota kimoja mtini. Nondo wengi hulemaa mikononi mwa watu wanaowapenda, na mara nyingi kosa ni haraka. Yafuate yote, pamoja na yale yasiyokupendeza.

Usimtikise wala kumbonyeza pupa, yaani mdudu anayegeuka ndani ya kifuko, ili kujua kama yu hai. Humo ndani pana kazi nzito. Misuli na utumbo wa kiwavi vinavunjwa, huku vikundi vidogo vya seli alivyokuwa navyo tangu akiwa kiwavi vikijenga mbawa, miguu, papasi na macho mapya. Wala si kila kitu kinachoyeyuka. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walionyesha kwamba nondo waliofundishwa kukwepa harufu fulani wakiwa viwavi wakubwa waliendelea kuikwepa baada ya kugeuka. Unayemtikisa ni mnyama mzima, mwenye kumbukumbu zake.

Usikitupe kifukofuko kwa sababu kimechelewa. Nondo wa hariri wa kufugwa hutoka baada ya wiki mbili hivi, palipo na joto la nyuzi 25 au karibu na hapo. Wa porini hafuati kalenda hiyo. Baadhi yao hulala miezi mingi hadi msimu ubadilike. Kiache mahali penye hewa na kivuli, ukinyunyizie maji kidogo wakati wa ukavu. Usikilowanishe.

Usimkatie njia. Anayo yake. Nondo wa hariri hutema majimaji yenye kimeng'enya kinacholegeza gundi ya nyuzi, kisha husukuma kwa kichwa na miguu mpaka apenye. Kimeng'enya cha namna hiyo kilielezwa mwaka 1964 na Fotis Kafatos na Carroll Williams, waliochunguza nondo wakubwa wa jamii nyingine wanaosokota hariri. Wengine huacha tundu laini upande mmoja wa kifuko tangu siku ya kukisokota, na huko ndiko wanakotokea.

Hapa nakataza jambo jingine. Kuna kisa kinachopendwa sana mahubirini na kwenye semina: mtu alimhurumia mdudu, akampasulia kifuko, na mbawa zikasinyaa maisha yote kwa kuwa mdudu hakuhangaika. Usikifundishe kama sayansi. Wazalishaji wa mayai ya nondo wa hariri hukata vifukofuko makusudi ili kutenganisha pupa madume na majike, na nondo hao hutoka wakiwa wazima. Kinacholemaza ni kurarua ngozi ya pupa kabla ya wakati wake, na kumnyima nondo mahali pa kuning'inia. Wazalishaji wanajua lini wakate na wembe uishie wapi. Wewe huna ujuzi huo. Weka wembe chini.

Mwekee mahali pa kupanda kabla hajatoka. Kama utashika agizo moja tu, shika hili. Nondo hutoka, mara nyingi alfajiri au asubuhi, akiwa na mbawa ndogo, laini, zenye mikunjo. Hutafuta mara moja kitu cha kukwea, hujishikiza, mbawa zikielekea chini, kisha husukuma damu ya mwili wake kwenye mishipa ya mbawa mpaka zitanuke. Baada ya hapo hukauka na kukakamaa. Asipopata pa kushika katika muda huo mfupi, zitakakamaa zikiwa zimekunjamana, na hakuna dawa itakayozinyoosha. Ndoo ya plastiki na chupa ya kioo ni mitego: anateleza, anaanguka, basi. Zungushia kuta gunia au chandarua, simamisha vijiti vyenye magome, acha nafasi kubwa kuliko mbawa zilizokunjuka. Halafu ondoka. Usimsogeze, usimpige picha kwa taa kali ya karibu, usimweke juani akauke upesi.

Usishtuke akimwaga majimaji ya kahawia au mekundu. Si damu, ni taka zilizokusanyika alipokuwa pupa.

Usimlishe nondo wa hariri. Hali chochote. Siku zake chache za utu uzima huziishi kwa akiba aliyoiweka akiwa kiwavi, kwa hiyo wakati wa kumhurumia ulikuwa ule wa kumpa majani mabichi na safi ya mforosadi.

Usishike mbawa zake. Unga unaobaki vidoleni ni magamba yake, na hayaoti tena.

Usipulize dawa ya mbu chumba alimo, wala usichome ya kufukiza. Inaua mbu na nondo pia.

Usimtupe nondo wa hariri nje ukidhani umempa uhuru. Amefugwa kwa maelfu ya miaka na hawezi kuruka. Nondo wa porini mrudishe kulekule ulikomtoa. Wa kigeni usimwachilie kabisa.

Vaa glavu unapovuna vifuko vya porini. Vifuko vya nondo wa porini wa jenasi ya Gonometa vina nywele zinazochoma ngozi. Huko Mwingi na Kakamega, Kenya, ambako kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimefanya kazi na wakulima wa hariri ya porini, vifuko ni mali. Subiri nondo atoke ndipo uvune: hariri ya kifuko kitupu bado husokoteka, na nondo aliyetoka ndiye atakayetaga mayai ya msimu ujao.

Amua mapema kama unataka nondo au uzi. Kifuko kimoja cha nondo wa hariri kina uzi wa mamia ya mita, wakati mwingine zaidi ya mita 1,000, na nondo akitoboa, uzi huo haufai tena kuvutwa mzima. Ndiyo maana wafugaji huua pupa kwa mvuke au hewa moto kabla ya siku ya kutoka. Mwalimu, mzazi, waelezeni watoto jambo hilo kabla ya kuwakabidhi viwavi wa kulea.