Kunja Karatasi Kwanza, Ndipo Uchore

Haya wadogo zangu wa Kampala, sogeeni. Wengi wenu mnataka kutengeneza vijitabu vya katuni na kuvigawa bure, na nikiwauliza mtachapa wapi, jibu ni moja: Nasser Road. Nakala ngapi? Mia tano, dada. Polepole jamani.

Nasser Road siibezi. Kadi za sherehe za kwanjula, kalenda, mabango ya uchaguzi, hata yale mabango ya viongozi wa dunia waliovalishwa kama nyota wa sinema, vyote hutoka pale. Ila mashine ya ofseti inahitaji pleti, na gharama ya pleti ni ileile uchape nakala hamsini au elfu tano. Ofseti huanza kuwa nafuu kazi ikiwa kubwa. Wewe unayeanza, wenye fotokopi wa Wandegeya, pale chini ya Makerere, wanakutosha kabisa.

Sasa weka kalamu chini. Chukua karatasi mbili za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kurasa nane za A5. Ziandike namba kwa penseli, 1 hadi 8, kisha zifungue uone maajabu: ukurasa wa 8 umekaa ubavuni mwa wa 1, na nyuma ya kurasa hizo kuna wa 2 na wa 7. Karatasi ya ndani ina 6 na 3 upande mmoja, 4 na 5 upande wa pili. Hicho kijitabu kitupu nenda nacho dukani, umwonyeshe mwenye mashine, maana ukimwachia akisie, hadithi yako itaanzia mwisho. Na kwa kuwa kila karatasi inazaa kurasa nne, hadithi ya kurasa tisa haiingii. Usiitafutie kurasa tatu za kujazia, kata moja. Karibu kila hadithi niliyoona ikikatwa ilipona.

Chora kwa wino mweusi. Bluu hufifia kwenye fotokopi, na kivuli cha penseli hugeuka doa. Ukitaka kivuli, piga mistari. Acha kama sentimita moja pembeni, kwani mashine haifiki ukingoni. Ukichora kwenye A4 nzima ili ipunguzwe iwe A5, kipimo ni asilimia 71, kwa hiyo maneno ya wahusika yaandike makubwa kuliko unavyodhani inafaa. Halafu lipia nakala moja tu kwanza. Ikunje, isome yote, ndipo useme, "Ssebo, endelea."

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungue, tandika kadibodi chini, bonyeza pini mbili kwenye mkunjo, kisha zikunje kwa nyuma ya kijiko. Kijiko hichohicho kipitishe juu ya mkunjo, kijitabu kilale vizuri.

Msiniambie vya bure havina heshima. Straight Talk, gazeti la vijana, ilianza mwaka 1993 hapahapa Uganda, ikiingizwa ndani ya gazeti la New Vision, na vijana waliigombania. Kenya wakaja na Shujaaz mwaka 2010, katuni ya bure kwa Sheng. Ni kweli, hao walikuwa na wafadhili. Aliye karibu zaidi nanyi ni Papa Mfumu'Eto wa Kinshasa, aliyeanza miaka ya 1990 kujichapishia katuni zake kwa Kilingala na kuziuza mitaani. Aliandika kwa lugha ya wasomaji wake. Basi mhusika wako akiwa wa Katwe, mwache aongee kama mtu wa Katwe, Kiganda na Kiswahili vikichanganyika, badala ya Kiingereza cha mtihani.

Kugawa nako kuna akili. Ukimsukumia kila mpita njia Old Taxi Park, jioni utakuta kazi yako imefungiwa njugu. Peleka mahali watu wanaposubiri: saluni, steji ya boda boda, benchi la kliniki, na uombe ruhusa kwanza. Acha vitano, rudi wiki ijayo. Vikiwa vimechakaa, ongeza nakala.

Wahusika wawe wako, si wa kuiba kwenye televisheni. Jina lako liandike kwenye jalada bila aibu, lakini kama bado uko shuleni, namba yako ya simu usiiweke.